Picha ya Bluu, Dawa Isiyoshika

Kazi yangu kubwa ni kukataa picha nzuri. Kwenye barua ya ajira wameniandika mkemia wa kompyuta, lakini sehemu kubwa ya wiki naimaliza nikimweleza mtu, kwa upole kadiri ninavyoweza, kwamba muundo wa protini aliouleta hautoshi kununulia molekuli hata moja.

Anayeuleta huwa na sababu ya kufurahi. Ameingiza mpangilio wa asidi amino za kimeng'enya cha vimelea vya malaria, au cha bakteria wa kifua kikuu, na kompyuta imemrudishia umbo zima na mikunjo yake, limepakwa bluu kila upande. "Shikamoo mwalimu. Angalia, yote bluu!" Namwitikia marahaba, navuta kiti. Ninachokijua mimi, na ambacho yeye bado hajakiona, ni kwamba bluu hiyo haikupakwa kwa ajili ya dawa.

Nieleze kidogo kwa asiye wa fani. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino unaojikunja na kujiviringisha mpaka upate umbo. Kwenye umbo hilo kuna mifuko, na dawa nyingi hufanya kazi kwa kuingia kwenye mfuko mmojawapo na kuuziba, kimeng'enya kikakwama. Ukiujua mfuko vizuri unaweza kubuni molekuli ya kukaa humo. Shida ilikuwa kuujua. Ilibidi utengeneze protini safi, uioteshe fuwele, fuwele hizo uzipige eksirei. Au, siku hizi, uigandishe protini na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Kuna watu waliomaliza shahada ya uzamivu fuwele zao hazijaota. Hazina ya dunia ya miundo ya namna hiyo, PDB, ilifunguliwa 1971 ikiwa na miundo 7, na ilichukua zaidi ya nusu karne kuvuka 200,000.

Mwishoni mwa 2020 AlphaFold 2 ya DeepMind iliwaacha wenzake mbali kwenye CASP, mashindano ya kukisia miundo yanayofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 1994. Kufikia Julai 2022 hazina yake, inayotunzwa pamoja na taasisi ya Ulaya ya EMBL-EBI, ilikuwa na miundo zaidi ya milioni 200. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapewa nusu ya Nobeli ya Kemia, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker wa Marekani kwa kubuni protini mpya. Walistahili. Mimi mwenyewe natumia makisio hayo kila siku na sitamani kurudi tulikotoka.

Lakini tangu hapo mezani kwangu tatizo limehama. Zamani mtu alikuja akiwa hana muundo, tukajua hatuna. Sasa kila mtu anao.

Hebu tuiangalie hiyo bluu. Kila asidi amino hupewa alama kati ya 0 na 100, inaitwa pLDDT. Ikipita 90 hupakwa bluu iliyokoza, 70 hadi 90 bluu hafifu, 50 hadi 70 njano, chini ya 50 rangi ya chungwa. Alama hiyo haikutoka maabara. Ni programu yenyewe inakadiria imepatia kwa kiasi gani. Inakadiria vizuri, tusiidharau. Ikisema 40, mara nyingi ni kweli kwamba hapo hapajulikani kitu. Ila inachokikadiria ni mahali pa kaboni moja tu ya kila asidi amino, ile iliyo kwenye uti wa mnyororo, ikilinganishwa na majirani zake. Matawi ya pembeni hayamo kwenye hesabu hiyo, na dawa kwa sehemu kubwa hushika matawi ya pembeni.

Vipimo vyetu ni angstromu, sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kiungo cha haidrojeni, ambacho mara nyingi ndicho kinachoizuia dawa isitoke mfukoni, kina urefu wa kama angstromu 3 kati ya atomu mbili. Tawi moja likigeukia upande mwingine, atomu ya kushika inasogea angstromu kadhaa na kiungo hakipo tena. Kwenye picha nzima huwezi kuliona hilo, na rangi haibadiliki. Thomas Terwilliger na wenzake, waliolinganisha makisio na data ghafi za fuwele, walikadiria kwamba hata kwenye makisio yenye alama za juu kabisa, karibu 10% yana makosa makubwa. Kwa mwalimu anayechora protini ubaoni hiyo ni neema. Kwa mtu anayetaka kulipia molekuli, ni bahati nasibu, maana hajui kama ile 10% imeangukia mfukoni kwake.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo watu wa nje hawalijui kabisa. Faili la muundo ni maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila atomu: namba yake, jina lake, asidi amino yake, mahali ilipo kwa X, Y na Z, na mbele yake safu nyingine mbili za namba. Kwenye faili la fuwele, mojawapo ya safu hizo hubeba kipimo cha mtikisiko. Namba ikiwa kubwa, atomu hiyo inayumba, usiitegemee. AlphaFold imeichukua safu hiyohiyo ikaweka alama yake ya uhakika, ambapo namba kubwa ndiyo nzuri. Safu ni ileile, maana imepinduka. Programu za zamani hazina habari hiyo.

Nimeiona skripti iliyoandikwa na mtu aliyekwishaondoka, kazi yake kufuta kila sehemu yenye mtikisiko mkubwa kabla ya dokingi. (Dokingi ni kuiachia kompyuta ijaribu kupachika molekuli moja moja kwenye mfuko na kuzipa maksi.) Kijana mmoja akaipa skripti hiyo faili la AlphaFold. Ikakata kiini chote cha protini, ikabakiza mikia ya rangi ya chungwa. Dokingi ikaenda usiku kucha bila kulalamika, na asubuhi tukawa na orodha ndefu ya molekuli zenye maksi nzuri, zote zimepachikwa hewani. Hakuna ujumbe wa hitilafu uliojitokeza popote. Hili ndilo ningependa mtu wa nje alielewe kuliko yote: mambo haya yakiharibika hayatoi mlio. Yanakupa namba, na namba inafanana na zile za siku njema.

Vimelea vya malaria vina ukorofi wao wa ziada. Jenomu ya Plasmodium falciparum ilichapishwa 2002, na zaidi ya 80% ya herufi zake ni A na T. Kwa sababu hiyo protini zake zimejaa vipande virefu vya nyongeza, mara nyingi asparajini zilizofuatana, ambavyo protini za aina hiyohiyo kwa binadamu au kwenye hamira hazina. AlphaFold hukisia kwa kulinganisha protini yako na ndugu zake kwenye viumbe vingine. Ndugu wakiwa maelfu kisio hutoka zuri. Wakiwa wachache, inapapasa gizani. Kwenye vipande hivi hakuna ndugu. Ndiyo maana protini ya malaria hutoka na kitovu cha bluu kilichozungukwa na nyuzi za rangi ya chungwa zinazoelea kila upande. Ofisini tunaziita tambi.

Dawa ya haraka ni kukata tambi, na kila mtu huzikata. Shida ni ile iliyoota karibu na mdomo wa mfuko. Ukiikata, mdomo unabaki wazi kuliko ulivyo ndani ya seli, na dokingi inaifurahia nafasi hiyo, inaleta molekuli kubwa kubwa zenye maksi za juu. Ukiiacha, imelala popote ilipoangukia, pengine imepita katikati ya mfuko. Ninachoweza ni kuandika kwenye ripoti kwamba mdomo wa mfuko huu haujulikani. Sentensi hiyo huwa ya kwanza kuondolewa ripoti ikigeuzwa slaidi za wafadhili.

Halafu kuna picha ya pili, ambayo karibu hakuna anayeileta. Ni mraba wa kijani uitwao PAE. Kwa kila jozi ya asidi amino unaonyesha programu inadhani imekosea angstromu ngapi katika kuiweka moja ikilinganishwa na nyingine. Kijani kilichokoza ni kosa dogo. Kikififia hadi karibu cheupe, kosa linakaribia angstromu 30, kwa maneno mengine, haijui. Mimi huanza na mraba huo kabla ya kulifungua lile umbo la rangi, kwa sababu protini nyingi ni mapande mawili au matatu yaliyounganishwa na kamba legevu. Kila pande linaweza kuwa bluu tupu huku namna yanavyokabiliana ikiwa ni ya kubahatisha. Sasa mfuko ukiwa kati ya mapande mawili, umebahatishwa wote. Nimeona mradi uliokwenda mbali kwenye mfuko wa namna hiyo, molekuli zimeshachaguliwa, bajeti imeshapigwa, na mraba wa kijani ulikuwepo muda wote kwenye ukurasa uleule walikopakulia faili. Hakuna aliyeteremsha ukurasa mpaka chini.

Protini za kwenye utando wa seli nitazipita haraka: AlphaFold 2 haijui kwamba kuna utando, kwa hiyo usishangae ukiona mkia wa protini umelala mahali ambapo mafuta ya utando yangekuwa.

Kinachonichukulia muda mrefu zaidi kueleza ni kwamba kimeng'enya hakina umbo moja. Kinafungua na kufunga. Chukua imatinib, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani 2001. Inashika protini ya Abl, ambayo ni kinesi (aina ya kimeng'enya), wakati kinesi hiyo imelala, yaani kipande chake cha asidi amino tatu kiitwacho DFG kikiwa kimegeukia nje. Nafasi inayoachwa na kipande hicho ndiyo imatinib inamojipenyeza. Ukiomba kisio la kinesi, mara nyingi utaletewa DFG ikiwa ndani, kwa sababu miundo mingi ambayo programu ilijifunza kwayo iko hivyo. Kwenye umbo hilo imatinib haina pa kukaa. Alama zitakuwa za juu, bluu itakuwa safi, na muundo wenyewe utakuwa sahihi. Utakuwa tu muundo wa saa nyingine ya maisha ya kimeng'enya, saa ambayo dawa yako haihusiki nayo. Timu zinazowinda dawa za malaria kupitia kinesi za kimelea zinakutana na jambo hili kila mara, na hakuna rangi ya kuwaonya.

Zinki nayo. AlphaFold 2 hutoa protini tupu: haina maji, haina metali, haina viambata. Kimelea cha malaria kina vimeng'enya viitwavyo HDAC, vinavyofanya kazi kwa zinki iliyokaa chini kabisa ya mfuko, na vizuizi vingi tunavyovijua huishika zinki hiyo moja kwa moja. Fungua kisio lake uone. Asidi amino zinazoibeba zinki zimejipanga vizuri ajabu, kwa sababu programu ilijifunza kwenye miundo iliyokuwa na zinki. Katikati yake pana tundu. Mtu akifanya dokingi bila kulijua hilo, kompyuta inaizamisha ncha ya molekuli mpaka mle ambamo metali hukaa na kuipa maksi za kwanza. Molekuli ambayo kweli ingeshika zinki, kwa kuwa haikupata cha kushika, inatupwa huko mwisho wa orodha.

Kimeng'enya cha DHFR cha kimelea cha malaria ndicho ninachokisemea kuliko vyote, kwa sababu tunakijua kwa machungu. Tanzania iliacha klorokwini 2001 ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaingia mseto, ALu, kwa kuwa SP nayo ilikuwa imeshindwa. Wajawazito bado wanapewa SP kliniki kama kinga. Nusu ya SP ni pirimethamini, na kazi ya pirimethamini ni kuziba mfuko wa DHFR ya kimelea. Usugu ulikuja kwa asidi amino chache kubadilika: ile ya 108, serini ikawa asparajini, kisha ya 51 na ya 59. Zote tatu kwa pamoja zimeenea Afrika Mashariki, na badiliko la 164 limeripotiwa Uganda na Rwanda.

Ipe AlphaFold mpangilio wa DHFR ya kawaida, halafu ipe wenye asparajini pale 108. Utarudishiwa miundo miwili ambayo ukiilaza mmoja juu ya mwingine huoni tofauti, bluu kwa bluu, alama karibu sawa. Nimeshasikia mtu mzima, msomi, akihitimisha kutokana na picha hizo kwamba usugu wa pirimethamini hauna uhusiano na mfuko. Mwaka 2003 timu ya Thailand ilichapisha fuwele za DHFR ya kawaida na za aina sugu zikiwa na dawa ndani, na sababu ikaonekana wazi. Tawi la asparajini ya 108 linagongana na pete yenye klorini ya pirimethamini, na pirimethamini ni molekuli ngumu, haiwezi kujikunja ikwepe. Tofauti yote ya maisha ya mgonjwa ni atomu chache kwenye pembe moja. Molekuli nyingine, WR99210, ina sehemu ya kati inayopinda, ikakwepa. Kutokana na somo hilo timu ya Yongyuth Yuthavong ilibuni P218 na kuichapisha 2012: ina sehemu inayopinda, na upande wa pili ina kikundi cha asidi kinachoshikana na arjinini ya 122, ambayo kimelea hakiwezi kuibadilisha kirahisi kwa sababu kinaihitaji kwa kazi ya kimeng'enya chenyewe. P218 ilifika hadi majaribio ya binadamu. Kwa kazi ya aina ile kisio la rangi nzuri lisingesaidia. Walihitaji kuiona dawa ikiwa imekaa, fuwele baada ya fuwele.

Siku hizi maombi yamehamia K13, protini ya kimelea ambayo mabadiliko yake huhusishwa na usugu wa artemisinini. Tangu badiliko la R561H liripotiwe Rwanda 2020, kisha Kagera, watu wananiomba "niangalie kwa AlphaFold" linafanya nini kwenye protini. Nawaambia mapema nitakachokiona: umbo lilelile. Wenyewe wenye hazina wameandika kwenye maelezo yao kwamba programu haikufunzwa wala kuthibitishwa kwa kazi ya kupima badiliko la asidi amino moja. Nimechoka kuwatumia watu aya hiyo.

Mei 2024 ilikuja AlphaFold 3, na baada yake nyingine za aina yake, ambazo huchora protini pamoja na dawa yenyewe ndani. Ni hatua kubwa. Zinki inawekwa, DNA inawekwa, dawa inawekwa. Kwenye seti ya majaribio ya PoseBusters AlphaFold 3 ilipatia mahali pa molekuli kwa takriban 76%. Waandishi wake wakasema pia, kwa uungwana, kwamba katika zaidi kidogo ya 4% molekuli ilitoka na mkono usio wake, yaani taswira ya kioo ya ile iliyoombwa, na kwamba sehemu zisizo na umbo wakati mwingine zinachorwa kama zina umbo. Hilo la pili linanisumbua. Zile tambi angalau zilikuwa zinajitangaza kwa kuelea. Sasa zinaweza kuja zimesokotwa vizuri.

Jaribio lililonituliza kichwa ni la watafiti waliochukua kinesi ya CDK2 ikiwa na ATP (molekuli ya nishati ya seli), kisha wakazibadilisha asidi amino zote za mfukoni kuwa glisini, ambayo haina tawi la kushikia. Kwa kemia tunayofundisha, ATP haina tena cha kushika pale. AlphaFold 3 na wenzake wakaendelea kuiweka palepale. Wakajaza mfuko kwa fenilalanini, matawi makubwa, nafasi ikazibika. Baadhi ya programu bado zikaikandamizia ATP mle mle. Wameona kinesi nyingi zenye ATP mahali hapo, basi wanaiweka hapo. Ndiyo maana nikiletewa jibu zuri la AlphaFold 3, swali langu la kwanza ni hili: je, kuna muundo unaofanana na huu uliowekwa PDB kabla ya Septemba 2021, mafunzo yake yalipokomea? Ukiwepo, sijui kama imekisia au imekumbuka.

Nisionekane mpinzani wa kila kitu. Mwaka 2022 timu ya MIT iliweka molekuli 218 zinazoua bakteria juu ya makisio ya protini 296 muhimu za E. coli, ikaangalia kama dokingi itatambua ipi inashika wapi. Wastani wa ufaulu kwa kipimo chao ulikuwa 0.48, na 0.5 ni kurusha shilingi. Watu wengi huitaja kazi hiyo kama hukumu ya AlphaFold. Si haki. Miundo ya maabara ilipotumiwa pale ilipokuwepo, mambo hayakunyooka. Dokingi yenyewe ni dhaifu. Na 2024 timu iliyowajumuisha Jiankun Lyu, Brian Shoichet na Bryan Roth ilichapisha kwenye Science majaribio ya vipokezi viwili, sigma-2 na 5-HT2A. Walipitisha mamilioni kwa mamilioni ya molekuli kwenye kisio na kwenye muundo wa maabara, wakatengeneza zilizochaguliwa, wakazipima. Kiwango cha zilizoshika kilikuwa karibu sawa pande zote mbili, ingawa molekuli zenyewe zilikuwa tofauti.

Kwa hiyo inawezekana. Wasiosoma kazi hiyo mpaka mwisho hawaoni ni nani aliyeifanya: watu waliofanya dokingi maisha yao yote, wakakagua mfuko kwa mkono, wana maabara ya kupima na fedha za kutengeneza molekuli kwa mamia. Huku kwetu molekuli tunaziagiza, nyingi kutoka Ukraine, miligramu chache kwenye kichupa. Zinakuja kwa ndege, zinakaa forodhani mpaka mtu aridhike kwamba unga mweupe ule si kile anachokidhani. Bei ya orodha fupi tu ni mshahara wa msaidizi wa maabara. Hatuna nafasi ya kuagiza mamia ili kadhaa zishike. Kosa la kuamini mfuko mbovu, kwa kikundi tajiri, ni wiki mbili zimepotea. Kwa kikundi kidogo ni mwaka wa fedha umekwisha na mwanafunzi wa uzamili hana matokeo.

Ninavyofanya basi, muundo ukiletwa, nauliza kwanza kama kuna fuwele ya protini hiyo au ya ndugu yake wa karibu, hata kama ni ya zamani na mbaya. (Fuwele nazo si msahafu. Za angstromu 3 na ushee zina vitanzi ambavyo mtu alivichora kwa imani.) Naangalia mraba wa kijani. Naorodhesha asidi amino zote zilizo ndani ya angstromu 5 za mfuko na kusoma alama ya kila moja, kwa sababu wastani wa protini nzima haunisaidii kitu. Wastani wa 92 unaweza kuficha kitanzi cha 55 kilichokaa mlangoni. Naendesha kisio mara kadhaa kwa mbegu tofauti, yaani namba za nasibu za kuanzia, kuona kama mfuko unatulia au kila safari una sura yake. Narudisha metali na viambata kwa kuvitoa kwa ndugu. Kisha nachukua molekuli ambazo maabara imeshathibitisha kwamba zinashika, nazichanganya na nyingine nyingi zinazofanana nazo kwa uzito na chaji lakini hazishiki, nazitupia dokingi bila kuiambia zipi ni zipi. Zinazoshika zisipopanda juu, mfuko huo siutumii. Makisio mengi huangukia hapo, na mengi ya hayo yalikuwa bluu.

Hatua hiyo ya mwisho watu wanaichukia kwa sababu inachukua muda na haitoi picha. Mshirika mmoja wa mradi aliwahi kuniuliza kwa barua pepe kwa nini "tunaichelewesha AI". Nilimjibu kwa matokeo: molekuli zinazojulikana kushika zilikuwa zimelala katikati ya orodha, zimechanganyika na zisizoshika. Hakuandika tena kuhusu kuchelewa, ila kwenye ripoti ya mwaka ile picha ya jalada ilikuwa bado ileile, protini ya bluu kwenye weusi.

Ukija kwangu, usihangaike na picha. Niletee faili lenyewe, niletee PAE, niletee tarehe na toleo la programu, na jina la molekuli hata moja ambayo mtu ameipima kwenye kimeng'enya hicho ikashika. Kama hakuna aliyewahi kupima molekuli yoyote, basi tunaanzia ng'ambo ya pili ya korido, kwa wale wanaotengeneza protini na kuipima kwenye sahani. Foleni yao ni ndefu, na mashine yao inasubiri kipuri tangu mwaka jana. Weka jina lako mapema.